Kigeti cha Baindu

Kila alasiri, shule ikiisha, Baindu alipanda njia ya mlimani viatu vyake vikiwa mkononi. Mvua zilikuwa zimeanza Freetown, na ngazi za udongo zilizochongwa ubavuni mwa mlima ziliteleza kama bamia. Wenzake walipanda wakicheka na kusukumana. Baindu hakucheka. Tangu mdogo wake Vandi aanze kutembea, alikuwa akipanda mlima ule roho ikiwa juu, na kitu cha kwanza alichokitafuta kwa macho, hata kabla nyumba haijaonekana yote, kilikuwa mlango wa mbele.

Nyumba yao ilikuwa ya mabati, vyumba viwili, imejibanza mahali pembamba. Nyuma yake ulisimama ukuta wa matairi yaliyojazwa udongo, ambao uliuzuia mlima usiwateremkie. Mbele, hatua chache kutoka mlangoni, palikuwa na vidato vya saruji, halafu korongo. Wakati wa kiangazi korongo lile lilikuwa jalala tu, watoto wakiokota humo vizibo vya chupa. Mvua ikinyesha liligeuka mto wa maji mekundu unaonguruma na kubeba magogo na ndoo za watu. Mara moja Baindu aliliona likimbeba mbuzi, keshakufa, miguu juu.

Mama yake aliondoka kabla ya alfajiri kwenda kuuza samaki wakavu sokoni, akarudi jioni. Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Kenema, na mvua zikiharibu barabara hakuonekana nyumbani kwa muda mrefu. Kwa hiyo mchana Vandi alibaki na Bibi Kema, mama yake mama. Bibi alikuwa amelea watoto wengi na ulimi wake ulikuwa bado mkali, lakini ugonjwa wa baridi yabisi ulikuwa umemkunja vidole vya mikono vikawa kama makucha ya kuku, na magoti yalimlia kila aliposimama. Mlango ukifungwa, nyumba iliingia giza na joto, Bibi akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Basi mlango uliachwa wazi, na benchi likalazwa kizingitini kumzuia mtoto.

Siku hiyo Baindu alipofika kwenye kona ya mwisho ya njia, aliliona benchi. Lilikuwa mahali pake. Vandi ndiye hakuwa mahali pake.

Alikuwa ameketi kwenye kidato cha mwisho, miguu inaning'inia juu ya korongo, akitupa maganda ya muhogo majini, moja baada ya jingine, na kuchekelea yanavyokimbizwa na maji.

Baindu alifungua kinywa kupiga kelele, kisha akakifumba. Akimwita, mtoto atageuka. Labda atasimama. Aliviweka viatu chini taratibu, akasogea akinyata, macho hayabanduki kwenye kisogo kidogo cha Vandi. Ngurumo ya maji ilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuisikia hata miguu yake mwenyewe. Alipokuwa karibu kumfikia, Vandi alimwona kwa pembe ya jicho. Akafurahi, akainua mikono yote miwili abebwe, na mwili wake ukapinda kuelekea majini.

Baindu aliruka akadaka shati. Kifungo kilikatika, lakini kitambaa kilishika. Wakaanguka wote wawili juu ya saruji, Baindu chini, Vandi juu yake, akicheka.

"Bibi!" Baindu aliita. "Bibi, mtoto yuko wapi?"

"Yuko hapa kando yangu," Bibi Kema alijibu kutoka ndani, akiendelea kumenya muhogo. Kisha mkono wake ukapapasa mkekani pale kando, ukapapasa tena. Kisu kikamwanguka.

Usiku huo Baindu hakulala vizuri. Kila alipofumba macho aliiona mikono ile midogo imeinuliwa. Kulipokucha alikuwa amekata shauri.

*

Alusine, jirani yake na mwenzake darasani, alikuwa mtoto wa Mzee Sorie, fundi wa vitanda. Nyumba yao ilikuwa chini kidogo, mahali pa tambarare.

"Nataka mbao," Baindu alimwambia. "Mabaki tu. Nataka kumtengenezea Vandi kigeti cha mlangoni."

"Zizi la mbuzi, sema," Alusine alicheka. Lakini alipouona uso wa rafiki yake aliacha utani, akaenda kumwomba baba yake.

Waliunga mbao nyembamba, zikafika kiunoni kwa mtu mzima. Bawaba hawakuwa nazo, basi walikata vipande viwili vya mpira wa tairi wakavipigilia misumari, upande mmoja kwenye kigeti, upande mwingine kwenye mwimo wa mlango. Kwa kufungia, Baindu alitumia kamba ngumu, akaikaza fundo kwa nje ambako mtoto hangeweza kufika. Vandi alikuja, akakitikisa kigeti, akakilamba, akakipiga teke, kisha akakaa chini akalia. Baindu alijisikia mtu mzima.

"Jaribu, Bibi," alisema.

Bibi Kema alipitisha mikono juu ya kigeti, akahangaika na fundo. Vidole vilikataa. Alijaribu kwa viganja, akajaribu kwa meno akashindwa kuinama.

"Mjukuu wangu, fundo hili siliwezi."

"Utazoea tu, Bibi."

"Nitazoea? Kwani vidole vyangu vimekunjika jana?"

"Bibi jamani, ni kwa ajili ya Vandi!"

Bibi Kema alimtazama, akarudi mkekani.

Siku ya pili yake Baindu aliporudi shuleni alikikuta kigeti kiko wazi, kinapigapiga ukutani kwa upepo, na Vandi amesimama kizingitini akilitazama korongo. Alimnyakua mtoto akamwingiza ndani kwa nguvu hata akalia.

"Bibi! Kwa nini hukufunga?"

"Nilibanwa, nikaenda chooni," Bibi alisema kwa sauti ya chini. "Kufungua tu kumenitoa jasho. Kufunga tena sikuweza. Nimemketisha, nikamwimbia akae…"

"Angekufa!" Baindu alipiga kelele. Hakuwahi kumpigia Bibi kelele maishani mwake. "Angekufa, Bibi, na wewe unaimba!"

Yule mzee aligeuzia uso ukutani.

Jioni ile, hofu ikiwa bado inamtafuna, Baindu alichukua kufuli ya sanduku la nguo, akafunga pete mbili za chuma kwenye kigeti na kwenye mwimo, akaijaribu kufuli. Ufunguo aliutungia uzi, akauvaa shingoni. Asubuhi, mama keshaondoka zamani, alimwachia Bibi chakula na maji, akamwekea ndoo chumba cha nyuma.

"Ndoo ya nini?" Bibi aliuliza.

Baindu alitazama pembeni. "Ya… ukibanwa."

"Aa." Bibi Kema aliisukuma ndoo kwa mguu. "Kwa hiyo sasa mtoto anayefungiwa ni nani? Ni Vandi, au ni mimi?"

"Ni mpaka saa za kutoka shule tu, Bibi. Mvua zikiisha tutaitoa."

Akageuza ufunguo. Kufuli ikasema *tak*. Njia nzima ya kwenda shule alijiambia kwamba leo, angalau leo, anaweza kusoma kwa amani.

Mama, ambaye alikwisha kukiona kigeti na kumsifu binti yake, alirudi jioni akala, akalala kwa uchovu. Kufuli wakati huo ilikuwa imetolewa. Baindu hakuitaja. Bibi naye, ingawa alijua maneno ya kusema, hakumshitaki mjukuu wake.

*

Mvua kubwa ilishuka siku ya Alhamisi. Ilianza asubuhi wakiwa darasani, na ikapiga mabati hata mwalimu akashindwa kusikika, akaandika tu ubaoni. Baadaye hata kuandika akaacha. Wote walikaa wakisikiliza. Maji yaliingia mlangoni, yakapita chini ya madawati. Mwalimu mkuu alipita akiwa amejifunika nailoni, akasema watoto wa mlimani waende nyumbani mapema kabla njia hazijakatika, waende kwa makundi, na pasiwe na mtu wa kuvuka korongo lolote.

Baindu aliushika ufunguo shingoni. Ulikuwa wa baridi. Ghafla aliiona nyumba yao kama mtu anayeitazama kutoka juu: mlima nyuma, korongo mbele, katikati mlango mmoja tu. Na mlango huo ulikuwa na kufuli.

"Alusine," alisema, "twende. Twende sasa hivi!"

Walikimbia. Njia ilikuwa imegeuka kijito. Watu walikuwa wakiteremka wamebeba magodoro na masufuria kichwani, watoto mgongoni, na mwanamke mmoja alimshika Baindu mkono: "Wee binti, unapanda kwenda wapi? Mlima unatembea huko!" Baindu alijing'oa. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, goti likachubuka, hakulisikia.

Alipofika konani alimwona Bibi Kema.

Alikuwa amesimama nyuma ya kigeti, Vandi amefungwa mgongoni kwa kitenge alichokikaza fundo kwa meno, mikono yake iliyopinda imeshika ubao wa juu. Maji ya matope yalitoka chumba cha nyuma, yakapita miguuni mwake na kuchuruzika katikati ya mbao za kigeti. Hakuwa akipiga kelele. Huenda alikuwa ameita mpaka sauti ikamkauka.

"Bibi!"

"Ukuta umepasuka," Bibi alisema. "Nausikia unahema. Fungua, mama."

Baindu alivua uzi, akajaribu kuuingiza ufunguo. Alilikosa tundu la kufuli, akalikosa tena. Ukaingia. Akauzungusha, ukakwama nusu. Matope yalikuwa yamejaa ndani ya kufuli, na mbao zilizovimba kwa maji zilikuwa zimezivuta zile pete mpaka zikakaza. Alizungusha kwa nguvu zake zote. Ufunguo ulikatika. Kipande kimoja kilibaki ndani ya kufuli, kingine kilibaki mkononi mwake.

Nyuma ya nyumba kitu kilitoa mlio mrefu, kama mti unaotaka kuanguka.

"Mchukue mtoto," Bibi alisema upesi. "Mfungue, mimi fundo hili sitaliweza. Mchukue."

Aligeuza mgongo. Baindu alijinyoosha juu ya kigeti, akalifungua fundo la kitenge kilicholowa, akamvuta Vandi aliyekuwa akilia, akamkabidhi Alusine. "Mpeleke kwenu! Mwite baba yako!" Alusine alimkumbatia mtoto akateremka mbio.

"Na wewe nenda," Bibi alisema.

"Siendi."

"Baindu, nasema nenda! Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi. Usinifanye nikuone ukifa hapa."

"Siendi, Bibi! Siendi!"

Alikipiga kigeti teke, kikatikisika tu. Alikuwa amekitengeneza imara. Alijaribu kumwinua Bibi apande juu yake, lakini magoti ya Bibi hayakukunjika, na wote nusura waanguke. Maji yalikuwa yameongezeka, yakaja na mawe madogomadogo, na ukuta wa mabati wa chumba cha nyuma ukaanza kubonyea kwa ndani taratibu, kama tumbo la mtu anayevuta pumzi.

Baindu alianza kulia. Alisimama pale ameshika kipande cha ufunguo, analia, hajui la kufanya. Kisha akakitazama kigeti. Alikitazama si kama mtu anayekiogopa, bali kama mtu aliyekipigilia msumari kwa msumari. Upande wa kufuli kilikuwa chuma. Upande wa pili kilikuwa mpira tu.

Alikimbilia kibanda cha jikoni kando ya nyumba, akapapasa mpaka akakipata kisu cha kukatia kisamvu, akarudi. Aliukata mpira wa juu kwa kwenda na kurudi, akikibinya kigeti kwa bega. Ulikatika. Wa chini ulikuwa ndani ya matope, hauonekani. Alipiga magoti, akatia mikono, akakata kwa kukisia, akajikata kidole, akaendelea.

"Vuta, Bibi! Vuta kwako!"

Bibi Kema aliingiza mikono yote miwili mpaka viwikoni katikati ya mbao, akajitupa nyuma kwa uzito wake. Kigeti kilifyatuka kikaning'inia upande wa kufuli. Baindu alimkamata Bibi kiunoni, wakapita kwa ubavu, wakashika njia ya pembeni, si ile ya kuelekea korongo. Bibi alijikokota. Baindu alimvuta, akamsukuma, akamwomba. Mzee Sorie alikuwa akipanda kuwapokea. Alimnyanyua Bibi Kema kama mtoto, akageuka naye.

Hawakuwa wamefika mbali waliposikia kishindo. Baindu aligeuka. Ukuta wa matairi ulikuwa umelala juu ya chumba cha nyuma, na pale lilipokuwa paa la chumba kile palikuwa na udongo mwekundu.

*

Mama alifika nyumbani kwa Mzee Sorie bila sinia lake wala kilemba chake. Alikuwa ameanzia kule juu, akaiona nyumba, akaanza kuchimba udongo kwa mikono mpaka watu walipomwambia kuwa jamaa zake wako chini. Alimshika Vandi, akamshika Baindu, akamshika mama yake, mmoja baada ya mwingine, akiwapapasa nyuso kama kipofu.

Alipotulia aliuliza lile swali ambalo Baindu alikuwa akilingoja.

"Majirani wanasema maji yaliingia mapema. Kwa nini hukutoka, mama? Kwa nini ulikaa ndani?"

Bibi Kema alitazama mikono yake. Baindu aliona kwamba Bibi hatasema, wala leo wala kesho. Akafungua kiganja.

"Nilimfungia," alisema, akionyesha kipande cha ufunguo. "Kwa kufuli. Kila siku nikienda shule."

Mama aliinua mkono, na Baindu hakukwepa. Mkono ulikaa juu kwa muda, kisha ukashuka wenyewe. Mama aliketi sakafuni.

"Nilikiona kigeti nikakusifu," alisema polepole. "Wala sikumuuliza mama yangu anatokaje."

*

Baba alirudi barabara ilipofunguka. Yeye na Mzee Sorie na vijana wa mtaani waliujenga upya ukuta wa nyuma kwa mawe, wakauweka mbali zaidi, wakachimba mfereji wa kuyapitishia maji pembeni. Walibomoa chumba cha nyuma, wakatoboa mlango wa pili ubavuni, wa kutokea siku ya hatari, wenye komeo la juu asilolifikia mtoto. Mvua zilikuwa bado hazijaisha familia iliporudi. Mlango wa mbele ulikuwa ule ule. Korongo lilikuwa lile lile. Na Vandi sasa hakuwa akitembea, alikuwa akikimbia.

Baindu hakutaka kuona nyundo. Alimfunga Vandi mgongoni tangu anaporudi shuleni mpaka jioni, na mtoto akichoka na kulia, yeye pia alilia. Vipande vya kile kigeti cha zamani alivitia jikoni vikawa kuni.

Jumamosi moja Bibi Kema alimwita. "Leta mbao."

"Mbao za nini, Bibi?"

"Za kigeti. Unadhani za jeneza?"

"Sitaki. Bibi, mimi sitatengeneza tena. Nikikumbuka tu…" Hakuweza kumaliza.

"Mimi pia nikikumbuka nalowa jasho," Bibi alisema. "Lakini korongo halijahama. Mtoto anahitaji kigeti, na mimi nahitaji kutoka. Safari hii mimi ndiye mwenye kazi, wewe ni fundi wangu. Nikisema hapana, ni hapana. Mwite na yule mcheshi wako."

Alusine alikuja na msumeno wa baba yake. Wakaanza kwa kutazama. Bibi alipitapita mlangoni huku Baindu akimfuatisha: mikono yake inafika wapi, inaweza nini. Vidole havikuweza kubana wala kuzungusha. Lakini kiwiko kilikuwa na nguvu, na mkono wake wote ungeweza kuinua kitu kutoka chini kwenda juu.

Komeo la kwanza lilikuwa kijiti cha kuangukia kwenye kishikizo. Bibi alilifungua kwa urahisi, akapiga kigelegele. Halafu Vandi akakitikisa kigeti kwa mikono miwili, kijiti kikaruka, kigeti kikafunguka, naye akapita mbio kuelekea nje, Baindu akimdaka mlangoni.

"Huyu ndiye mkaguzi wetu," Alusine alisema. "Hahongeki."

La pili lilikuwa zito. Vandi alishindwa. Bibi naye akashindwa. "Hapana," akasema, na Baindu hakumwambia atazoea. Alilitoa.

La tatu walilifanyia kazi wiki nzima, wakimuuliza Mzee Sorie pale walipokwama. Lilikuwa ubao mnene uliowekwa kwa nje, juu kabisa, ukizunguka kwenye msumari mmoja mkubwa. Uliangukia ndani ya kishikizo chenye shingo ndefu, hivyo kutikisa hakukuweza kuurusha. Mkia wake waliurefusha ukaja upande wa ndani, juu ya ubao wa mwisho, mpana kama mwiko wa kusongea, ili mtu aufungue kwa kuugandamiza kwa kiwiko au hata kwa kidevu, lakini Vandi asiufikie. Kigeti kilifunguka kwa ndani, kisimmwage mtoto nje, na chupa iliyojaa mchanga, iliyoning'inizwa kwa kamba, ilikivuta kijifunge chenyewe mtu akishapita. Bawaba zilikuwa vyuma vilivyochomekwa kutoka juu ndani ya vipande vya bomba. Ukikinyanyua kigeti kizima, kilitoka.

Kisha mvua ikanyesha. Haikuwa kubwa kama ile, lakini ilitosha. Baindu alisikia korongo linaanza kuguna. Alikuwa nje. Bibi na Vandi walikuwa ndani.

"Funga," Bibi alisema.

"Bibi, tungoje mvua iishe."

"Mvua ndiyo siku yenyewe. Funga."

Baindu alikishika kigeti wazi, hakuweza kukiachia. Ilibidi Bibi Kema amtoe mkono kwa upole. Chupa ikashuka, kigeti kikaja, ubao ukaanguka mahali pake. Sauti yake ilimfanya Baindu aruke. Kwa kitambo kidogo alimwona Bibi tena nyuma ya mbao, mvua ikipiga mabati.

Bibi Kema, Vandi akiwa mgongoni, alichukua sufuria la maji akalishika kwa mikono yote miwili. Akageuka ubavu. Akagandamiza kwa kiwiko. Ubao uliinuka, akakivuta kigeti kwa mguu, akapita taratibu, akasimama kibarazani pamoja na sufuria lake. Nyuma yake kigeti kilijifunga.

Hakumwaga hata tone. Baindu aliketi kidatoni akalia kwa sauti, kilio chote alichokuwa hajakilia tangu Alhamisi ile.

"Sasa kinyanyue," Bibi alimwambia. "Nataka nione na hilo."

Baindu alifuta uso, akakinyanyua kigeti. Kilitoka chote, chepesi, mlango ukabaki mtupu. Akakirudisha. Akakitoa tena, akakirudisha, mpaka mikono yake iliposadiki.

Jioni mama aliporudi alikijaribu akiwa na sinia kichwani, akapita bila kusimama, akacheka. Walipomaliza kula wali na kisamvu, Bibi Kema alimweka Baindu mbele yake.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Ulimwogopea ndugu yako, na hilo silo kosa lako. Hofu ilikuamsha, ikakupa kazi, ikaokoa mtoto. Kosa lilikuja pale nilipokwambia siwezi, ukanijibu nitazoea. Uliniona nimesimama mbele yako, lakini ulikuwa unaliona korongo tu. Ukitaka kumlinda mtu, muulize kwanza yeye mwenyewe anaishije, mikono yake inaweza nini, atatokaje siku ya hatari. Akikwambia hapana, usikasirike. Anakusaidia. Kile cha kwanza ulikitengeneza bila kuniuliza, na kilitufungia sote. Hiki tumekitengeneza pamoja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi. Unisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile, ulipokataa kwenda." Bibi Kema alijiinua, magoti yakilia, akajifunga kitenge vizuri. "Haya, nipishe. Mama Alusine amenialika kupiga soga."

"Nikusindikize?"

"Kwani nimekuomba?"

Akagandamiza kwa kiwiko, akatoka.